Sentensi ya Kumi

Ma Yustina alizikwa Kibeta, mjini Bukoba, katika kiwanja cha kaka yake, kando ya kaburi la mumewe. Hakuzikwa Muleba, katika kibanja, yaani shamba la nyumbani, alikoolewa na ambamo yeye na mumewe walipanda nusu ya migomba kwa mikono yao. Kwa sisi Wahaya jambo hilo halihitaji maelezo marefu: mtu na mke wake hulala katika kibanja chao, na wasipolala huko, watu huuliza kulikoni. Nilifika siku moja kabla ya maziko. Koku, binti yao wa pekee, alinipokea mlangoni, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akaniketisha katika chumba cha ndani ambamo nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni, kisha akaniwekea mbele yangu karatasi na kalamu. Akasema, "Ta Deo, wewe ndiye mwenye Kiswahili kilichonyooka. Tuandikie wasifu wa Mama. Kesho mjukuu wake atausoma." Alinitajia mambo kwa mpangilio: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kupata mtoto, na mwaka ule wa vijiji vya ujamaa walipohamia Bukoba. Nikamwuliza kama niandike sababu ya kuhama. "Andika walihama," alijibu. "Sababu watu wanaijua."

Nje, chini ya turubai, nilikuwa nikiwasikia hao watu wanaojua. Mmoja alieleza kwamba marehemu Mwalimu, mume wa Ma Yustina, alikuwa akiandika barua za siri kwa Kiingereza. Mwingine akasema hapana, alimtukana mwenyekiti wa kijiji mbele ya wageni. Wa tatu, mwanamume mnene niliyemjua tangu akiwa hajaota ndevu, aliapa kwamba mzee alikutwa na redio ya kupelekea habari ng'ambo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Muleba mwaka ule. Nimefundisha Kiingereza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na walimu wengi niliowakagua watakumbuka kwamba sikuvumilia neno "inasemekana" katika taarifa zao. Waliniona mkali bila sababu. Sababu ipo. Ni ya mwaka mmoja tu, na mpaka siku ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kushindwa Kiingereza, na chuo cha ualimu kilikubali nirudie mtihani wa somo hilo mara moja tu. Asubuhi nililima shamba la pamoja na vijana wenzangu. Mchana, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nilikwenda kwa Mwalimu Anatoli. Alikuwa mstaafu wa shule ya misheni, mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa mvua na jua. Hakudai ada. Alichodai ni kwamba uje umeoga, uje na daftari, na uje na mambo uliyoyaona. Darasa letu lilikuwa baraza la nyumba yake, na ubao wetu ulikuwa mlango wa zizi la zamani alioupaka masizi ya betri kuukuu yaliyopondwa na majani. Uliegemezwa ukutani, ukitazama njia ya watu waendao kisimani. Nyuma yetu, kwenye mlango wa jikoni, Ma Yustina alikuwa akimenya ndizi. Mpaka leo, nikisikia harufu ya majani ya migomba yaliyofunika chungu, kinywa changu hutaka kutamka vitenzi vya Kiingereza. Ilipofika saa tisa tulikula pamoja na Mwalimu, ndizi na maharage katika sinia moja, na wakati wa kula hatukuruhusiwa kuzungumza ila Kiingereza. Kwa hiyo wiki za mwanzo tulikula kimya kabisa.

Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu, Gosbert, alikuwa mwepesi wa maneno na mzito wa daftari. Mwalimu alipotufundisha mpangilio wa sentensi, alisema, "Katika Kihaya na Kiswahili mtenda hukaa ndani ya kitenzi, kama mtoto tumboni. Ukisema anakula, yumo. Mwingereza amekwisha kumzaa mtoto wake. Lazima asimame mbele kwa miguu yake, kila mtu amwone. Kwanza aliyetenda, pili alichotenda, tatu kilichotendwa. Hizo ni nguzo tatu. Mengine ni makuti." Gosbert akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kama aliyetenda hataki kuonekana?" Ma Yustina alicheka huko jikoni. Mwalimu hakucheka. "Basi hiyo si sentensi, Gosbert," alisema. "Huo ni umbea."

Kanuni yake ya pili sijaikuta katika kitabu chochote cha sarufi, na nimevisoma vingi. Hakutaka sentensi za kubuni. Vitabu vya misheni vilijaa paka waliokalia mikeka na wafalme waliovaa mataji, naye alivichukia kwa sababu hiyo. Kila sentensi tuliyomletea ilipaswa kuwa ya jambo lililotokea kijijini wiki hiyo, na pembeni mwake tuliandika herufi moja: J, yaani jicho, kama tuliliona, au S, yaani sikio, kama tuliambiwa. Zenye S alizipiga mstari mwekundu bila kuzisoma. Zenye J alizisahihisha kwa subira, neno kwa neno, na zote zilizosimama vizuri alizinakili ubaoni kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, zikakaa pale hadi somo linalofuata. "Mtu akiwa anatafuta maneno ya lugha ngeni," alituambia, "asiwe tena anatafuta na ukweli. Mzigo mmoja unatosha." Ndivyo daftari langu la mwaka ule lilivyojaa mambo madogo ya kijiji: wanawake walileta nyasi, mbuzi wa katekista alikula maharage ya shamba la pamoja, mvua iliangusha migomba mitatu. Sentensi maskini, lakini zilikuwa zangu, na kufikia kiangazi nilikuwa naweza kuandika ukurasa mzima bila mstari mwekundu.

Mwaka huohuo tulikuwa tukijenga shule. Kuta za darasa la kwanza tulizipandisha kwa kujitolea, na mabati yakaja kwa lori kutoka Bukoba. Mwenyekiti wa kijiji, Ta Petro, alikuwa mtu wa sauti kubwa na kofia ya ngozi, asiyependwa sana, kwa sababu alitugongea kengele ya shamba kabla jua halijachomoza. Siku mbili baada ya lori kuondoka, Gosbert alinikuta nikichota maji. Alitabasamu kama mtu aliyeficha senene mfukoni. "Umesikia? Mabati yamehamia kwa kofia ya ngozi. Nimeyaona yakibebwa na wanawe, jioni, njia ya nyuma. Shule yetu itaezekwa kwa maombi." Nilicheka, nikaenda zangu.

Wiki hiyo Mwalimu alitupa vitenzi kumi vinavyogeuka umbo katika wakati uliopita. Kila kimoja kilitaka sentensi yake, na kila sentensi ilitaka jicho. Kula, kuja, kuleta, kuvunja, kuanguka, kulala, kuandika, kuuza, kuona: hivyo tisa havikunisumbua. Cha kumi kilikuwa kuiba. Mvua ilinyesha Jumatano usiku hadi Ijumaa asubuhi, nami nilishinda ndani nikitazama maji yakidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Sikuona mtu akiiba kitu chochote. Ningeweza kwenda kwa Mwalimu na sentensi tisa. Angeniuliza ya kumi iko wapi, ningesema sijaona, naye angeridhika, huenda angefurahi. Lakini nilikuwa sijawahi kupeleka pungufu, na mtihani ulikuwa umekaribia, na nilitaka kusifiwa. Nikaandika: The chairman stole the iron sheets. Mwenyekiti aliiba mabati. Nguzo zote tatu zilisimama. Pembeni nikatia herufi J.

Mwalimu alisoma tisa za kwanza akiitikia kwa kichwa polepole. Alipofika ya kumi alivua miwani. "Deo. Hii uliona?" Sikumtazama usoni, nilitazama kalamu yake. "Niliona, Mwalimu." Alivaa tena miwani. "Basi ni sentensi," alisema, akainuka na chaki. Gosbert, aliyekuwa ameketi karibu yangu, alinigusa goti kwa goti lake. Ma Yustina hakujua Kiingereza, lakini ilikuwa desturi yake kuuliza kila kilichoandikwa, na mumewe alimtafsiria kwa Kihaya bila kugeuka. Ya tisa ilipokwisha, ya kumi ilipotafsiriwa, kisu chake kilisimama katikati ya ndizi.

"Hiyo iache, Mwalimu," alisema.

"Ameiona."

"Hata kama. Njia hii inapita watu."

"Ndiyo maana ubao umetazama njia," alijibu, akamaliza kuandika. Ma Yustina alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mama anayemgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa, kisha akarudi kwenye ndizi zake. Ningeweza kusema wakati ule. Chaki ilikuwa bado mkononi mwa mzee, kitambaa kilikuwa juu ya meza, na neno lenyewe ni fupi katika lugha zote tatu nilizozijua.

Ubao ulikaa pale Jumamosi na Jumapili. Watu walipita kwenda misani na kurudi. Mpwa wa mwenyekiti, aliyesoma sekondari mjini, alisimama, akasoma, akacheka, kisha akaacha kucheka. Jumatatu kengele iligongwa mchana, tukaitwa sote kwenye darasa lile lisilo na paa. Tulikaa chini kati ya kuta, jua likituchoma vichwani, na mbele yetu walikaa Ta Petro, katekista, na ofisa kijana kutoka tarafani. Ubao uliletwa na vijana wawili wakiwa wameubeba kama machela. Ofisa alizungumza kwa upole. Alieleza kwamba ghala la kijiji lilikuwa linavuja, kwamba mwenyekiti alimwomba kwa maandishi ruhusa ya kuyahifadhi mabati nyumbani kwake hadi mbao zitakapopatikana, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuyatazama: yalikuwapo yote, yamefunikwa kwa majani ya migomba. Alionyesha barua. Kisha akamgeukia Mwalimu Anatoli. "Mzee, maandishi haya ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mkono ni wako, tunauona. Maneno je? Nasikia una wanafunzi."

Nilikuwa mstari wa tatu. Katika mfuko wangu wa shati mlikuwa na fomu ya mtihani, na chini ya fomu hiyo palitakiwa sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba mwombaji ni mtu mwaminifu. Mwalimu alijua, kwa sababu ndiye aliyenijazia fomu. Hakutazama upande wangu hata kidogo. "Maneno ni yangu," alisema. Ofisa akauliza, "Na uliona mwenyewe?" Hapo mzee alichelewa. Nimeupima muda huo mara nyingi, kitandani na barabarani, na sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. "Niliona," alisema. "Niliona vibaya." Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu wengi. Ta Petro hakucheka. Kwa haki yake lazima niseme hivyo. Alitazama chini kama mtu aliyeaibishwa mara ya pili. Mwalimu aliamriwa afute ubao mbele ya watu na asifundishe tena hapo kijijini. Aliufuta kwa mkono wa koti lake la kijivu, kwa sababu hakuna aliyempa kitambaa.

Kesho yake nilikwenda kwake, ingawa haikuwa siku ya somo. Ubao ulikuwa umegeuzwa uso ukutani. Alikuwa mezani, mbele yake chai iliyopoa. "Uliona?" aliniuliza. Nikasema nilisikia. "Kwa nani?" Kwa Gosbert. "Na Gosbert aliona nini?" Nikasema aliona mabati yakibebwa. Mwalimu alizungusha kikombe. "Basi mngeandika walibeba," alisema. "Kubeba ni kitenzi kizuri. Hakikosi kitu." Nilianza kusema kwamba ningekwenda kwa mwenyekiti, kwamba ningeeleza yote; sauti yangu mwenyewe ilinionyesha kwamba nilikuwa naomba nikatazwe. Alinikatisha. "Fomu yako imesainiwa?" Nikasema imesainiwa asubuhi ile. "Vema. Kaa. Bado hatujamaliza wakati timilifu." Akanifundisha, kwa sauti ya chini ili isifike njiani, hadi saa tisa, na Ma Yustina akaleta sinia. Tulikula. 

Hakufukuzwa. Wanaosema alifukuzwa hawakuwapo. Kilichomwondoa ni kitu kidogo zaidi. Watoto waliokuwa wakimwamkia njiani kwa adabu sasa walimwamkia, wakasubiri apite hatua chache, kisha wakaita nyuma yake: "Mwalimu, uliona?" Watu wazima nao walilichukua neno hilo vilabuni. Mtu akisimulia jambo lolote wakinywa lubisi, pombe ya ndizi, mwenzake alimwuliza, uliona kama Mwalimu? Mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya jicho hakuweza kuishi hapo. Kahawa ilipokwisha kuchumwa, alimwachia mdogo wake kibanja, akakodi lori. Mimi niliisaidia familia kubeba meza, vyungu, na ule ubao. Mwalimu akasema ubao uachwe, ni mlango tu. Ma Yustina alipanda mbele, kikapu mapajani. Alinipa mkono kupitia dirishani. "Ukasome, mwanangu," alisema. Nilisoma. Nilifaulu kwa alama za juu. Mwalimu alifariki Kibeta mwaka uliofuata, nikiwa chuoni, na barua ya msiba ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa. Miaka yote iliyofuata nilimtembelea Ma Yustina kila Krismasi, nikampelekea sukari na kitenge, tukazungumza habari za mvua. Hakuniuliza wala sikumwambia, na wote wawili tulijua.

Hayo yote nilimweleza Koku siku ile, katika chumba cha ndani, bila kuruka kitu. Wakati ule alikuwa msichana mdogo, akilelewa Hamugembe kwa bibi yake ili asome mjini, na hakuona lolote. Alinisikiliza akiwa amesimama, akikunja na kukunjua pembe ya kanga yake. Nilimwomba aniruhusu niandike katika wasifu kwamba baba yake hakumsingizia mtu, kwamba aliyeandika sentensi ile ni mimi, na kwamba Ma Yustina alibeba nami siri hiyo hadi kufa. Nilikuwa nimekwisha kuiandika, kwa kweli. Karatasi ilikuwa mbele yangu.

Koku aliisoma. Kisha akaniuliza, kwa heshima kamili, "Ta Deo, nani mwingine aliyeona?"

"Gosbert alikuwapo."

"Gosbert tulimzika."

"Na mama yako."

Aligeuka akatazama mlango wa sebule, ambamo jeneza lilikuwa limewekwa na wanawake walikuwa wakisali rozari. "Mama hakuniambia," alisema. "Aliyeniambia ni Baba. Nilikaa kitandani pake, pale chumba cha pili, nikamwuliza kwa nini nikienda Muleba watoto wanatuimba. Akasema, mwanangu, niliona vibaya. Kwa kinywa chake. Mtu ambaye hakunidanganya hata kuhusu dawa chungu." Alirudisha karatasi mezani, taratibu, akiinyoosha kwa kiganja. "Unataka kesho tusimame juu ya kaburi lake tuwaambie watu kwamba aliongopa, hadharani na kwangu mimi, mpaka akafa. Na watu wakiniuliza nimejuaje, nitawajibu nini, Ta? Nitasema nimesikia."

 Angeniletea mwanafunzi wangu yeyote sentensi ya namna hiyo, ningeipiga mstari mwekundu. Nilichukua karatasi nyingine, nikaandika upya kwa mwandiko wa kulala ambao baba yake alinifundisha, na nilipofika mwaka ule niliweka maneno machache: familia ilihamia Bukoba. Hilo niliona. Nilikuwa nimesimama njiani lori lilipoondoka.

Asubuhi, kabla ya maziko, mjukuu aliyechaguliwa kusoma alinijia na karatasi, kijana nadhifu mwenye tai. Alitaka kuhakikisha anatamka majina sawasawa. Alishuka na kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye ule wa kuhama, akasimama. "Babu," aliniuliza, "hapa pembeni umeandika J. Niisome?"

"Hapana," nilimwambia. "Hiyo si ya kusomwa."